Yai Linalosubiri Dume: Jinsi Paka Anavyoshika Mimba, Anavyozaa na Anavyozuiwa Kuzaa

Ng'ombe, mbuzi na mbwa hutoa yai kwa ratiba ya miili yao. Dume awepo au asiwepo, siku ikifika yai linaachiwa. Paka jike hana ratiba hiyo. Mayai yake hukomaa kwenye ovari, homoni za joto (hali ya kutaka kupandwa) hupanda, naye hulia na kugaagaa, lakini mayai hubaki palepale mpaka dume ampande. Sungura na ngamia nao wako hivyo.

Mfugaji akilishika jambo hili moja, mengi yanayomtatiza kuhusu paka hufunguka: kwa nini jike anayefungiwa ndani hupiga kelele, akanyamaza, kisha akaanza tena baada ya siku chache, kwa nini kupandwa mara moja mara nyingi hakuleti mimba, kwa nini watoto wa mimba moja hutoka na sura za madume matatu, na kwa nini sindano ya kuzuia joto inaweza kumjaza usaha kwenye mfuko wa uzazi.

Mwanga ndio unaowasha ovari

Uzazi wa paka jike huongozwa na urefu wa mchana. Gizani ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, na melatonini ikiwa nyingi hutuliza ovari. Mchana ukirefuka melatonini hupungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huanza kutuma homoni zake, na mayai huanza kukua. Mwanga wa saa 12 hadi 14 kwa siku unatosha kumweka paka kwenye mzunguko. London, ambako mchana wa Desemba haufiki saa 8 na wa Juni unapita saa 16, majike wengi hupumzika miezi ya baridi na kuanza tena siku zinaporefuka.

Kwetu mapumziko hayo hayapo. Nairobi mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni haifiki saa moja. Ongeza taa ya sebuleni inayowaka mpaka saa nne usiku, na paka wa mjini anapata mwanga wa saa 16 kila siku. Kwa hiyo jike wa Afrika Mashariki anaweza kuzaa mara tatu kwa mwaka bila mwili wake kupewa nafasi ya kujijenga. Miongozo ya ufugaji iliyoandikwa Ulaya, inayozungumzia "msimu wa paka", isomwe kwa kukumbuka hilo.

Jike wengi hupata joto la kwanza wakiwa na miezi 6 hadi 9, uzito ukiwa umefika kilo 2.3 hadi 2.5. Wapo wanaoanza na miezi 4 tu. Paka wa uzao wa Siamese huwahi, wa Persian huchelewa, mara nyingine hadi mwaka na zaidi. Dume huwa tayari kati ya miezi 8 na 10, ingawa baadhi hutangulia. Hapa ndipo familia nyingi hujikuta na mimba wasiyoitarajia: kaka na dada waliozaliwa pamoja huachwa pamoja "kwa kuwa bado wadogo". Undugu hauwazuii paka kupandana.

Joto linavyoonekana

Siku moja au mbili za mwanzo jike hujisugua kwenye miguu ya watu na ya meza, hugaagaa sakafuni, na madume huanza kumsogelea lakini yeye huwafukuza. Kisha joto kamili huingia na kudumu wastani wa siku 7. Kwa wengine siku 3 tu, kwa wengine zaidi ya wiki mbili. Hulia kwa sauti nzito ya kuvuta, usiku na mchana. Hula kidogo. Hutafuta kila upenyo wa kutoka nje.

Wasiomjua paka hudhani tumbo linamuuma au amelishwa sumu. Kipimo chake ni rahisi: mpapase mgongoni karibu na mzizi wa mkia. Jike mwenye joto hulaza kifua chini, huinua nyonga, husogeza mkia pembeni na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma. Mwenye maumivu atakwepa mkono au atauma. Na tofauti na mbwa, paka hatoki damu akiwa kwenye joto. Ukiona damu au majimaji mazito ukeni, huyo ni mgonjwa.

Asipopandwa, mayai yaliyokomaa hunyauka, homoni hushuka, na baada ya siku 8 hadi 15 za utulivu kundi jingine la mayai huanza kukua. Tangu mwanzo wa joto moja hadi mwanzo wa linalofuata huwa ni wiki mbili hadi tatu. Kuna majike ambao vipindi vyao hukaribiana kiasi kwamba mwenye paka huapa kuwa joto halijakatika mwezi mzima.

Sekunde chache zenye kazi kubwa

Shume humjia jike kwa nyuma, humng'ata ngozi ya shingo, humkalia na kumwingilia kwa sekunde chache tu. Mara chache sana tendo hupita sekunde 20. Uume wake una vimiba vidogo 120 hadi 150 vinavyoelekea nyuma. Vimiba hivi huota kwa nguvu ya testosteroni na hupotea dume akihasiwa. Anapojiondoa, huukwaruza uke, jike hupiga ukelele mkali, humgeukia dume kwa makucha, kisha hugaagaa na kujilamba.

Kinachofuata ndicho kiini cha habari yote. Mishipa ya fahamu ya ukeni hupeleka taarifa kwenye ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi. Haipothalamasi huiamuru pituitari imwage homoni ya LH kwenye damu. Ndani ya dakika chache LH huanza kupanda, hufika kileleni baada ya saa chache, na ikifika kiwango cha kutosha mayai huachiwa saa 24 hadi 50 baada ya tendo. Neno la kuzingatia ni "kiwango cha kutosha". Tendo moja hutoa LH kidogo, na takribani nusu tu ya majike hutoa yai baada ya kupandwa mara moja. Wakipandwa mara nne au zaidi kwa muda mfupi, zaidi ya 9 kati ya 10 hutoa mayai. Kwa sababu hiyo paka huru hupandana mara 10, 20 au zaidi ndani ya siku moja, na kwa sababu hiyo pia mfugaji anayemleta jike kwa dume, akashuhudia tendo moja na kuondoka naye, mara nyingi hurudi mikono mitupu.

Siku nayo ina uzito wake. Mwili huitikia vizuri zaidi siku ya pili na ya tatu ya joto, mayai yakiwa yamekomaa na pituitari imejaa LH. Jike apelekwe nyumbani kwa dume, si kinyume chake, kwa kuwa dume aliyehamishwa hutumia siku nzima akinusa kuta na kunyunyiza mkojo kabla ya kukumbuka alichoitiwa. Wekeni chumba chenye sakafu isiyoteleza, na rafu au meza ya juu ambapo dume ataruka kujinusuru baada ya kushuka. Waachwe pamoja siku mbili hadi tatu, au wakutanishwe mara tatu hadi nne kila siku. Kabla ya hapo wote wawili wapimwe virusi vya FeLV (vya saratani ya damu ya paka) na FIV (vinavyodhoofisha kinga ya mwili). FIV huambukizwa hasa kwa kung'atana, na kupandana kwa paka hakukosi meno.

Akitoa mayai na yasirutubishwe, labda kwa kuwa dume ni tasa, jike hupata mimba ya uongo. Ovari hutoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, kwa siku 35 hadi 40, halafu joto hurudi karibu siku ya 45. Hapo una kipimo bila gharama: jike aliyepandwa akirudia kulia ndani ya wiki tatu, hakutoa yai, akinyamaza wiki sita kisha akalia, alitoa yai lakini hakushika, akipita wiki ya saba kimya, tumbo litaonekana lenyewe.

Kanuni hii ina mwanya. Baadhi ya majike, hasa wenye umri mkubwa kidogo na wanaosikia au kunusa dume karibu, hutoa yai bila kupandwa kabisa. Linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza jinsi paka ambaye hajawahi kutoka nje anavyoweza kuugua usaha wa mfuko wa uzazi.

Watoto wa mama mmoja, baba watatu

Tangu tendo la kwanza hadi mayai kushuka hupita siku nzima au mbili. Katika muda huo jike aliye nje hupandwa na kila dume anayemfikia, na mbegu zao zote huwa ndani zikisubiri. Mayai yanaposhuka, moja hurutubishwa na huyu, jingine na yule. Ni jambo la kawaida kabisa kwenye mitaa yenye madume wengi. Hakuna mtoto anayechanganya damu ya baba wawili. Kila mmoja ana baba yake, ila wamelala kwenye mfuko mmoja wa uzazi.

Rangi husaidia kuwatambua, hasa rangi ya chungwa, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Dume ana X moja, aliyopewa na mama. Jike ana mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kwa hiyo dume wa rangi ya chungwa hakuipata kwa baba yake hata kama baba naye ni wa chungwa. Aliipata kwa mama. Jike mweusi akipandwa na dume wa chungwa, watoto wa kiume wote watakuwa weusi na wa kike wote watakuwa na mabaka meusi na ya chungwa. Mfugaji anayejua hili hulisoma kundi la watoto upesi: jike mweusi akizaa binti mwenye mabaka hayo, baba wa binti huyo hawezi kuwa yule shume mweusi wa jirani. Paka mweupe pepe ndiye anayeharibu hesabu, maana weupe hufunika rangi iliyo chini yake.

Mabaka yenyewe hutokana na jambo lililoelezwa na Mary Lyon wa Uingereza mwaka 1961. Kijusi cha kike kikiwa bado na seli chache, kila seli huizima X moja kwa bahati nasibu, na vizazi vyote vya seli hiyo huendelea na uamuzi huo. Penye X ya chungwa iliyo hai ngozi huota manyoya ya chungwa. Penye nyingine, meusi. Ndiyo sababu paka wa mabaka karibu wote ni majike. Dume mwenye mabaka hayo kwa kawaida ana kromosomu XXY, yaani X moja ya ziada, na ni tasa, hivyo anayemnunua kwa bei kubwa akitarajia mbegu amepoteza fedha. Desemba 2001 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walimzalisha CC, paka wa kwanza wa kunakiliwa, kutoka seli ya jike mwenye rangi tatu. CC alizaliwa bila chungwa hata kidogo, kwa kuwa seli iliyotumika tayari ilikuwa imeizima X hiyo. Jeni yenyewe ya chungwa ilitambuliwa mwaka 2025 na timu mbili, ya Japani na ya Marekani: kipande cha takribani herufi 5,000 za DNA kimekatika karibu na jeni iitwayo ARHGAP36.

Kuhusu kuzalisha ndugu kwa ndugu, mfano mzuri uko pwani ya Kenya. Paka wa Sokoke, ambaye Wagiriama humwita kadzonzo, alianzishwa kama uzao rasmi kutokana na paka wachache waliochukuliwa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke mwishoni mwa miaka ya 1970 na uzao wao kupelekwa Ulaya baadaye. Wafugaji baadaye ilibidi warudi Kenya kutafuta damu mpya. Kundi dogo likizaliana lenyewe kwa lenyewe, watoto hupungua, hufa mapema zaidi, na mbegu za madume huwa na kasoro. Duma, ambao wote wanashabihiana sana kijeni, zaidi ya nusu ya mbegu zao huwa na umbo bovu.

Siku 65 za mimba

Hesabu siku 63 hadi 66 tangu kupandwa mara ya kwanza. Watoto wanaozaliwa kabla ya siku ya 60 mara nyingi hawaishi, na mimba ikifika siku ya 70 mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri.

Mayai yaliyorutubishwa hushuka kwenye mfuko wa uzazi mnamo siku ya tano au ya sita, na hujishikiza ukutani karibu siku ya 12 hadi 14. Mfuko wa paka una pembe mbili ndefu, na vijusi hujipanga humo kwa nafasi zinazolingana. Kati ya siku ya 15 na 18 chuchu huvimba kidogo na kuwa nyekundu ya waridi, dalili inayoonekana zaidi kwa mimba ya kwanza. Ultrasaundi huonyesha mimba kuanzia wiki ya tatu, na mapigo ya moyo kufikia siku ya 20 hivi. Daktari anaweza kuvihisi vijusi kwa vidole kati ya siku ya 21 na 28, vikiwa kama gololi zilizopangwa mstari. Asiyefundishwa asijaribu, kwani kubana vibaya huharibu mimba. Kujua idadi kamili, eksirei baada ya siku ya 45 ndiyo hujibu, maana mifupa ya vichwa imekwisha kukomaa. Wastani ni watoto watatu hadi watano.

Chakula kinastahili maneno marefu zaidi, kwa sababu ndicho kinachoharibu mimba nyingi kimyakimya. Paka mwenye mimba huanza kuongeza uzito tangu wiki ya pili, akiweka mafuta ya kutumia wakati wa kunyonyesha. Mwisho wa mimba anahitaji chakula zaidi kwa robo hadi nusu ya kawaida. Akinyonyesha watoto wanne au watano, mara mbili hadi tatu. Ugali uliolowekwa kwa mchuzi hujaza tumbo bila kumpa anachohitaji. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, hauwezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, na hutegemea mafuta ya wanyama kwa asidi muhimu. Taurini ikikosekana, vijusi hufyonzwa, mimba hutoka, au watoto huzaliwa wadogo na dhaifu.

Kwa asiyemudu chakula cha vitoto vya paka cha dukani, mchanganyiko wa nyama, moyo wa ng'ombe au kuku, yai lililopikwa na dagaa wazima wasio na chumvi hufaa zaidi. Dagaa huliwa na mifupa yake, na humo ndimo mna kalsiamu. Taurini huyeyuka kwenye maji, hivyo supu aliyochemshiwa nyama apewe pamoja na nyama, isimwagwe. Samaki wapikwe: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maini yawe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, maana vitamini A ikizidi hudhuru mifupa ya mama na vijusi. Vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba viachwe; huufanya mwili uzembee kuvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na mama huweza kupata degedege maziwa yakianza kutoka.

Dawa nne za kumweka mbali nazo. Griseofulvini ya fangasi wa ngozi huumbua vijusi. Chanjo hai ya panleukopenia (ugonjwa wa virusi wa paka) akiwa na mimba huharibu ubongo wa nyuma wa watoto, nao hukua wakiyumba. Achanjwe kabla ya kupandwa. Permetrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa, ni sumu kwa paka yeyote. Na Panadol: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, mwenye mimba au asiye nayo.

Kuzaa

Wiki mbili kabla, weka sanduku la takribani sentimita 40 kwa 60 mahali penye giza na pasipo na watu wengi, lenye magazeti chini na kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Usipomwandalia atachagua kabati la nguo au dari.

Uchungu wa mwanzo huchukua saa 6 hadi 12, wakati mwingine hadi siku nzima kwa mzazi wa kwanza. Huhemahema, hukwaruza matandiko, huingia na kutoka sandukuni. Kisha kusukuma huanza, na mtoto wa kwanza hutoka ndani ya saa moja. Wanaofuata hupishana kwa dakika 10 hadi saa moja. Kutanguliza miguu ya nyuma ni kawaida kwa paka. Mama hupasua utando, hukata kitovu kwa meno na kula kondo. Usimzuie, ila hesabu: kila mtoto ana kondo lake, na linalobaki ndani huoza.

Paka wengine husimama katikati. Huzaa wawili, hunyonyesha, hula, hulala, na saa 12 au hata 24 baadaye huendelea na waliobaki. Mama akiwa mtulivu na hasukumi, hiyo si hatari. Hatari ni nyingine: kusukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kitu kutoka, mtoto aliyenasa mlangoni kwa zaidi ya dakika 10, damu mbichi inayotiririka, uchafu unaonuka, mama aliyelegea asiyejali watoto. Hapo ni daktari, mara nyingine upasuaji. Sindano ya oksitosini inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo isichomwe kwa kubahatisha. Kama mtoto amekaa vibaya au nyonga ni nyembamba, dawa hiyo huubana mfuko dhidi ya mlango uliozibwa, na mfuko hupasuka.

Mama asipompasulia mtoto utando ndani ya dakika moja au mbili, pasua wewe kuanzia puani, futa mdomo, msugue kwa taulo kavu mpaka alie. Kumzungusha hewani ili atoe maji, jambo ambalo wengi bado hulifanya, huumiza ubongo. Kitovu funga kwa uzi safi sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata mbele ya fundo, kisha upake iodini.

Mtoto mzima huzaliwa na gramu 90 hadi 110 na huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Nunueni mizani ya jikoni. Mtoto ambaye hajaongezeka kwa siku moja anahitaji kuangaliwa, na anayepungua siku mbili mfululizo yumo hatarini. Juma la kwanza hawezi kujipasha joto, hivyo sandukuni pawe na nyuzi 29 hadi 32, jambo ambalo Mombasa hujitengeneza lenyewe lakini Nairobi ya Julai, Iringa au Bukavu linataka chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Mtoto aliyepoa asinyonyeshwe kabla ya kupashwa joto polepole, kwani tumbo lake limesimama na maziwa yatachacha humo.

Kinga karibu yote ya mtoto hutoka kwenye dang'a, maziwa ya kwanza, na utumbo wake hufunga njia ya kupokea kinga hiyo baada ya saa 16 hadi 18 hivi. Kuna tukio moja tu ambapo dang'a huua. Paka wana makundi ya damu A, B na AB. Mama wa kundi B huwa na silaha kali za kinga dhidi ya damu A, na silaha hizo humo kwenye maziwa yake. Watoto wa kundi A wanaonyonya hukojoa mkojo wa kahawia iliyoiva, ncha za mikia hukauka, na wengi hufa ndani ya siku chache, huku mwenye paka akishangaa jinsi walivyozaliwa wakiwa wazima. Paka wengi wa mitaani ni kundi A. Anayezalisha British Shorthair au Devon Rex, ambao kundi B ni wengi, apime damu kabla ya kupandisha. Kama jike wa kundi B ameshapandwa na dume wa kundi A, watoto watengwe na mama kwa saa 24 za kwanza.

Yatima hulishwa maziwa ya kopo ya vitoto vya paka. Maziwa ya ng'ombe yana karibu nusu tu ya protini iliyo kwenye ya paka, na huleta kuhara. Tumbo la mtoto wa gramu 100 hubeba mililita 4 au 5, kwa hiyo ni kidogo kidogo kila saa 2 hadi 3 katika wiki ya kwanza. Alazwe kifudifudi wakati wa kunyonya. Akilazwa chali maziwa huingia mapafuni. Baada ya kila mlo msugue chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, maana bado hawezi kukojoa mwenyewe.

Kumzuia asizae

Sindano na vidonge vya kuzuia joto hupendwa kwa kuwa ni rahisi. Nyingi ni projesteroni ya kutengenezwa, medroksiprojesteroni au megestroli. Zinafanya kazi kwa kuudanganya mwili kuwa una mimba, na madhara yake hutoka hapohapo. Ukuta wa mfuko wa uzazi hunenepa na kujaa majimaji, kinga ya ndani yake hushuka, bakteria huingia, na usaha hujaa. Jike hunywa maji sana, hukataa chakula, tumbo huvimba. Mlango wa mfuko ukiwa umefunga hutaona hata tone nje. Matibabu ya uhakika ni kuutoa mfuko. Dawa hizo huweza pia kuvimbisha matiti ghafla na kuleta kisukari. Kwa maoni yetu jike wa nyumbani hapaswi kuchomwa hata mara moja, achilia mbali kila miezi mitatu.

Kufunga kizazi kwa upasuaji, kwa kutoa ovari peke yake au pamoja na mfuko, hufanyika vizuri paka akiwa na umri wa miezi minne au mitano, kabla ya joto la kwanza. Ule ushauri wa kumwacha azae mara moja kwanza hauna faida yoyote kwa afya yake. Saratani ya matiti ya paka kwa kawaida ni mbaya na husambaa. Majike waliofungwa kizazi kabla ya miezi 6 walionekana kuwa na hatari ndogo kwa asilimia 91, na waliofungwa kabla ya mwaka kwa asilimia 86, wakilinganishwa na wasiofungwa. Baada ya hapo faida hiyo huporomoka.

Mama anayenyonyesha afanyiwe wiki mbili hivi baada ya watoto kuachishwa, matiti yakiwa yamekauka. Watoto huanza kula wakiwa na wiki 4 na huachishwa kabisa wiki ya 8. Katika kipindi hicho afungiwe ndani, kwa sababu baadhi hushika mimba nyingine wakiwa bado wananyonyesha. Dume naye akihasiwa, mbegu zilizokuwa njiani hubaki na uhai kwa muda, na vimiba vya uume huchukua wiki kadhaa kutoweka. Atengwe na majike wenye joto kwa wiki 6 au 7 baada ya upasuaji.